Nilivyosugua Chujio za Hoteli kwa Kumbi

Msinicheke kwanza. Aibu ile ninaibeba hadi leo, na hasira nayo, sijui nimkasirikie nani kwanza, meneja au huyu mjinga mimi.

Nilikuwa mwangalizi wa mtambo wa maji taka katika hoteli moja pale Diani. Maji ya vyooni na jikoni yanaingia kwenye tangi, vijidudu vinakula uchafu, halafu maji yanapenya kwenye chujio nyembamba zilizotundikwa humo ndani kama shuka kwenye kamba, yanatoka meupe. Basi jikoni walikuwa wakimwaga mafuta ya kukaangia na mabaki ya tui moja kwa moja kwenye sinki (nilisema mpaka nikachoka!), chujio zikavaa utelezi mzito, maji yakawa hayapiti. Dawa yake ni kuziloweka kwenye klorini. Nikamwendea meneja aninunulie, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, jibu ni lile lile: "Tumia kilichopo, mama."

Na Jumamosi ya wiki hiyo kina mama wa kijijini walikuwa wanakuja kuonyeshwa maji. Visima vyao vilikauka, hoteli ikaahidi kuwapa ya kunyweshea mchicha, na mwenyekiti wao ni Bi Mwanakombo, mavyaa wangu, mamake mume wangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi akubali.

Nikasema, ala, mimi mtoto wa Msambweni, hata sufuria iliyoungua hainishindi, sembuse chujio? Nikachukua kumbi la nazi na mchanga, nikazitoa chujio moja moja, nikasugua weee mpaka zikang'aa. Mpumbavu mimi! Zile si sufuria, ni kama ngozi laini, nilikuwa nazitoboa. Lakini nilipoona maji yanapita kwa kasi sikungoja hata kuyatazama rangi, nikaenda zangu kuoga.

Wakaja, wamevaa kanga zao za kutokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkaza mwana. Hayo maji yenyewe yako wapi?"

"Haya nayadhamini mimi," nikasema kwa majivuno, tena mbele ya meneja, nikafungua bomba. Yakatoka matope meusi yananuka choo, yakamrukia Bi Mwanakombo kuanzia kifuani hadi miguuni. Meneja akarudi nyuma mbio: "Fundi ni huyu, mwulizeni yeye." Mimi! Na aliyeninyima dawa ni yeye! Nilitaka kumrukia, lakini machozi tu yakanitoka.

Bi Mwanakombo hakunitukana, laiti angenitukana. Alisema tu, "Mwanangu, ulitaka tule mchicha wa maji haya?" Akageuka, wenzake wote wakamfuata.

Meneja akanunua chujio mpya wiki ile ile (kumbe uwezo ulikuwapo, mshenzi yule!), maji yakatoka safi kabisa, lakini kijijini hakuna aliyeyataka, na mchicha ukakauka wote. Nimeapa, mkubwa akiniambia tena nitumie kilichopo, nafunga mtambo na kuwaita watu waje waone kwa nini nimefunga. Lakini kiapo hakioteshi mboga. Kiangazi chote kile Bi Mwanakombo alipita mlangoni kwangu na dumu kichwani akienda kuchota mbali, nami nikimwamkia aliitikia vizuri tu, ila hakusimama.