Mnada Si Kamati ya Harusi

Niliporudi kutoka Omani, watu wa Morogoro walitegemea nifungue duka la manukato, au ninunue bodaboda niwakodishie vijana. Sikufanya hivyo. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba saruji, na huko ughaibuni nilianza kama mpakuaji wa mizigo mpaka nikakabidhiwa funguo za ghala zima. Mtu wa namna hiyo hawezi kurudi kwao akauza udi. Nilinunua vyerehani na mashine za ushonaji zilizotumika, nikazisafirisha, nikazipanga kwenye chumba nilichokodi Mwembesongo, halafu nikaanzisha mnada kwenye kundi la simu.

Na niseme wazi kwamba mnada ule niliupanga vizuri kuliko maduka mengi ya mjini yenye milango ya vioo. Kila mashine ilikuwa na picha zake, video yake ikishona, na maelezo ya kila kasoro, hata mkwaruzo mdogo kwenye rangi. Jumamosi baada ya alasiri natangaza mashine moja na bei ya kuanzia. Watu wanapandishiana dau. Adhana ya magharibi ikisikika, mnada umefungwa, na aliyetaja bei ya juu ndiye mwenye mali. Hakuna ubishi kuhusu saa, kwa sababu adhana mji mzima unaisikia.

Tatizo halikuwa kuuza. Tatizo lilikuja baada ya kuuza, na lilikuwa na jina: "Niwekee."

"Hongera, umeshinda," namwandikia mtu.

"Asante kaka. Niwekee."

Nikaweka. Jumatatu nikiuliza, mtu yuko msibani. Jumatano yuko shamba. Ijumaa simu inaita bila kupokelewa. Kuna mmoja alishinda pasi ya mvuke, pasi nzito ya kazi, akaniomba nimpelekee Mikese kwa kuwa yeye anapita pale akitokea Dar. Nikafunga pasi kwenye boksi, nikaenda. Nilikaa kando ya barabara kuu na boksi langu mapajani, akina mama wa mahindi ya kuchoma wakiniuliza kama nauza. "Nipo njiani," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alisema hivyo hivyo. Mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa. Nilirudi mjini na pasi yangu, na mama mmoja wa mahindi akanipungia mkono kwa huruma kana kwamba nimefiwa.

Nilipojaribu kumgeukia aliyekuwa wa pili kwa bei, mambo yalikuwa mabaya zaidi.

"Kaka, mashine imerudi, unaichukua?"

"Mimi? Mimi nilitaja ile bei kwa sababu nilijua yupo atakayenipita."

Mtu mwingine angefunga chumba akarudi Omani. Mimi sikurudi nyumbani ili nishindwe na neno moja. Nilikaa nikasoma kundi lile kuanzia mwanzo, ujumbe baada ya ujumbe, kama nilivyokuwa nikikagua ghala bidhaa zikipotea. Nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Watu hawakuwa wakiandika "natoa laki mbili." Walikuwa wakiandika "ahadi laki mbili."

Nikacheka peke yangu. Nilipoanzisha kundi nilichukua namba za simu kutoka kundi la kamati ya harusi yangu, maana zilikuwa ndizo nyingi nilizonazo. Watu wale wale walihamia kwenye mnada na adabu zao zote za kamati. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua mambo yanavyokwenda: mtu mzima mmoja anafungua kwa ahadi nzito, wengine wanaona aibu kubaki chini, wanapanda. Ahadi ni heshima ya siku hiyo. Kulipa ni habari nyingine. Utalipa nusu, utaleta kreti za soda, au utakumbushwa mpaka harusi ipite. Hakuna anayekuita tapeli. Jamaa zangu walikuwa wananichangia. Walidhani kutaja bei kubwa kwenye mnada wangu ni kuniunga mkono.

Nilikuwa bado natafakari namna ya kuwaambia, ikaja Jumamosi ya ovaloki.

Ovaloki ndiyo mashine inayofunga pindo la ndani la nguo ili nyuzi zisifumuke. Fundi asiye nayo hupeleka kazi yake kwa mwenzake na kusubiri foleni. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa nzima kabisa, na fundi mmoja hapo hapo Mwembesongo, mwanamke aliyekuwa amepata kazi ya kushona sare za shule, aliitaka kwa dhati. Alipandisha dau kwa hatua ndogo ndogo, kama mtu anayejua mwisho wake. Alipobaki peke yake, dakika chache kabla ya adhana, ukaingia ujumbe: "Ahadi yangu laki tano."

Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, mkulima wa kabichi na njegere kule Mgeta, juu milimani. Fundi akaongeza kidogo. Mjomba akaongeza sana. Adhana ikalia.

Jumatatu asubuhi fundi alisimama mlangoni kwangu, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Imechukuliwa, dada."

"Imechukuliwa na nani, na ile pale naiona?"

"Imewekwa. Kuna mtu alitaja zaidi."

"Mtu! Si mjomba wako? Mjomba wako analima kabichi. Anaenda kuzifunga pindo?"

Nilishindwa kujizuia nikacheka. Yeye hakucheka.

"Au ndiyo biashara mliyofundishwa huko Omani, wewe Mwarabu wa Mwembesongo? Mmoja anauza, mjomba anapandisha, sisi wajinga tunafuata?"

"Sijamtuma."

"Sijui kama umemtuma. Najua nimekata vitambaa vya sare na shule zinafunguliwa. Mpaka Jumamosi kama sina mashine naenda kuinunua Dar, na mafundi wote wa huku nitawaambia kwa nini."

Akaondoka. Nilikaa nikaitazama ovaloki. Mafundi, waliojiunga na kundi baadaye, ndio pekee waliokuwa wakilipa kwenye mnada wangu. Fundi yule akiondoka na maneno yale mdomoni, wenzake wangeondoka naye, na mimi ningebaki na kundi kubwa la watu wa ahadi na chumba kilichojaa chuma. Nilikuwa nimejenga jina kwa jasho langu mwenyewe, bila kuachiwa hata bati na mtu, na jina hilo sasa lilikuwa limeshikwa na mkulima wa kabichi ambaye siwezi kumpandishia sauti. Maana kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama. Baba yako anaweza kusema, lakini neno la mjomba ndilo linalosikilizwa.

Nilichukua pikipiki nikapanda Mgeta. Nilimkuta shambani, nyuma ya nyumba yake, amevaa koti zito la baridi, anachagua njegere.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeniletea mashine yangu?"

"Nimekuja kuuliza kama utailipa."

"Nilipe nini?" Alishangaa kweli. "Wewe, mimi nilikuwa nakupandishia! Nilitoa ahadi nzito ili watu waone aibu kubaki chini."

"Walibaki chini, mjomba. Uliyebaki juu ni wewe peke yako."

Mkewe alicheka kwa sauti kutoka jikoni. "Mwulize kreti za soda za harusi yako zilifika lini!"

"Nyamaza wewe," mjomba alisema, lakini na yeye alikuwa anatabasamu. "Basi sikia. Ahadi yangu ipo palepale. Njegere zikiuzika nitakupa nusu."

"Nusu ya mashine haishoni. Kuna fundi anaihitaji na pesa yake iko mkononi. Anadhani nimekutuma umpandishie bei."

"Mwambie hukunituma."

"Nimemwambia. Haamini, na ningekuwa yeye nisingeamini. Nataka kuifuta bei yako, mbele ya kundi."

Tabasamu likaisha. "Utanifuta mimi? Kwenye simu za watu?"

"Nikikuacha wewe, mwingine nitamwambia nini? Mnada si kamati ya harusi, mjomba. Mtu akitaja bei hapa, kuna mwenzake anaikosa mashine."

Alirudi kwenye njegere zake. Alichagua kwa muda mrefu, akitupa zilizooza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sikuondoka. Nimewahi kusimama mbele ya bosi wa Kiarabu akinifokea kwa lugha nisiyoielewa na sikurudi nyuma, ila mbele ya mjomba ilikuwa vigumu zaidi.

"Futa," alisema hatimaye. "Lakini usiwaambie sina hela."

"Nitasema ulidhani ni ahadi."

"Sema hivyo. Ndiyo kweli yenyewe."

Kwa kawaida mjomba hunisindikiza mpaka njia panda, anaongea njia nzima. Siku hiyo hakunisindikiza. Mkewe ndiye aliyenifuata na kabichi mbili, akazifunga nyuma ya pikipiki.

Jioni hiyo nilirekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi. Nilisema kwamba aliyetaja bei ya juu ya ovaloki ni mjomba wangu, kwamba alidhani ni ahadi ya kunichangia, na kwamba bei yake nimeifuta pamoja na kila nyongeza aliyoisababisha. Mashine inarudi kwa fundi kwa ile bei aliyokuwa ameitaja kabla mjomba hajaingia. Kisha nikatoa utaratibu mpya: kuanzia sasa hakuna anayetaja dau bila kutuma arubuni, yaani malipo ya awali, kwanza. Ukikosa, arubuni yako inarudi jioni ileile. Ukishinda, inahesabiwa kwenye bei. Ukishinda usipolipa, umeipoteza, na mashine inatangazwa upya. Na neno "niwekee" halipokelewi tena kwenye mnada huu, litoke kwa yeyote yule.

Majibu yalikuja mbio.

"Duh! Hata mjomba?"

"Jamani Omani imemharibu huyu ndugu yetu."

"Kaka usikasirike, mimi naahidi arubuni."

Huyo wa mwisho hakuwa anatania. Nilimwandikia kwamba arubuni haiahidiwi, inatumwa. Akatoka kwenye kundi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wengine wakiaga kwa heshima kama wanaoondoka kwenye hafla kabla ya chakula. Sikumwomba yeyote abaki. Mjomba hakutoka. Mpaka leo yumo, anasoma kila kitu, hajaandika neno.

Fundi alikuja kesho yake na guta la magurudumu matatu la kubebea mashine. Hakuipakia. Kwanza alitoa kipande cha kitambaa cha sare kwenye mkoba, akakipitisha kwenye ovaloki, akakivuta kwa mikono miwili, kisha kwa meno.

"Sindano hii imechoka."

Nikampa mpya. Akajaribu tena, akaridhika, akatuma pesa yote hapo hapo na kusubiri mpaka simu yangu ilipolia, kisha akanitazama niusome ujumbe.

"Imeingia?"

"Imeingia, dada."

"Ulifika kwa mjomba wako mwenyewe, au ulimpigia?"

"Nilifika."

Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza bila hasira. "Alikulisha?"

"Hakunilisha."

"Basi ulimwambia kweli," alisema, akacheka, na mwendesha guta naye akacheka bila kujua kisa. Wakaipakia mashine, akaifunika kwa kanga, akazunguka guta lote akikagua kamba kama mimi nilivyokuwa nikikagua malori. Alipokuwa tayari kuondoka akauliza, "Jumamosi unatangaza nini?"

"Mashine ya kutoboa matundu ya vifungo."

"Shati za sare zina vifungo," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Akatoa simu. Simu yangu ikalia tena mfukoni: arubuni ya kwanza ya utaratibu wangu mpya, kabla hata sijaipiga picha mashine yenyewe. Nikaitoa kwenye kona nilikoiweka, nikaanza kuifuta vumbi.