Saa ya Baba na Kilima cha Bibi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya St. James Town, Ontario, ambako saa husogezwa mbele baridi ikiisha na kurudishwa nyuma ikikaribia, saa ilibadilishwa kwa kidole. Baba alikaa kwenye kochi na saa mapajani, akibonyeza vitufe huku anasonya, na nyumba nzima ilinyamaza mpaka amalize. Watoto wa leo simu inawabadilishia wakiwa wamelala, wakiamka hawajui hata kama wameibiwa saa nzima ya usingizi.

Halafu Baba akanunua saa ya kisasa, yenye tarakimu nyekundu, inayojirekebisha yenyewe. Wageni wote walionyeshwa. "Hii haihitaji mtu," alisema, na Mama alijibu kwamba basi afadhali iwe inaosha na vyombo.

Kwetu saa haikuwa mchezo. Mama yake Mama, Bibi yetu wa Lushoto, alikuwa na simu ndogo iliyoshika mtandao juu ya kilima tu, nyuma ya zahanati. Kila Jumapili alipanda na fimbo yake, akakaa kwenye jiwe, na saa kumi jioni ya kule akaiwasha. Akingoja nusu saa kimya, aliizima kuokoa chaji, maana kuchaji kulikuwa dukani, mbali. Wakati wa baridi, saa kumi yake ilikuwa saa mbili asubuhi yetu. Tulipiga tukiwa na chai na maandazi, bila haraka. Saa zikisogezwa mbele, ikawa saa tatu, wakati wa kukimbilia basi la kwenda kanisani Mount Dennis. Hapo Bibi alipewa salamu za kusimama, makoti tumeshavaa.

Kwa hiyo mwaka 2007, Ontario ilipoifuata Marekani ikasogeza saa Machi badala ya Aprili, eti kuokoa umeme, Mama alichukia kweli.

"Jioni ndefu, taa hatuwashi," Baba alitetea. Alipenda jua la jioni, tucheze mpira uani.

"Taa unazozima jioni mimi naziwasha asubuhi nikienda kazini gizani. Halafu umeme wenyewe umo ndani ya kodi. Unamwokolea nani, mwenye nyumba? Mimi wamenichukulia Jumapili tatu za mama yangu."

Baba akaenda kuibonyeza saa yake, maana Machi ile haikujirekebisha. Kiwandani waliiwekea tarehe za zamani. Nasi hatukufikiria kwamba ikifika Aprili saa hiyo ingezikumbuka.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Aprili, saa ile iliruka mbele yenyewe saa moja zaidi, nasi hatujui. Tukavaa makoti, Mama akapiga. Simu ya Bibi imezimwa. Akapiga tena, na tena. Bibi hakuwahi kukosa, hata siku za mvua. Ndani ya basi Mama alishika kadi yake ya kulipia simu za ng'ambo mpaka ikapinda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliogopa sana, kwa sababu sikuwahi kumwona akiogopa.

Tukafika, mlango wa kanisa umefungwa. Hakuna mtu. Baba akawasha simu yake ya mkononi, ambayo Jumapili ilikuwa haiwashwi kabla ya ibada, akaitazama.

"Mama Neema," alisema taratibu, "ndiyo kwanza inakaribia saa tatu."

Mama alimnyang'anya simu. Ilipofika saa tatu kamili alipiga, na Bibi akapokea palepale. Mama akamsalimia kirefu, mpaka Bibi akashangaa. "Mbona leo hamna haraka? Mmefukuzwa kazi?"

Mama alicheka huku analia. "Serikali ya huku imetuongezea saa, Mama."

"Basi waambie watuongezee na mvua."

Tulikaa kwenye ngazi za kanisa, baridi inatutafuna, tukapokezana simu. Kawaida mimi nilisema "Fine, Bibi" nikakimbia. Siku ile "fine" ziliniishia, ikabidi niongee Kiswahili changu cha kujikwaa. Nikamweleza theluji, yeye akanieleza mapeasi. Tuliongea mpaka chaji yake ikaisha. Hatukuwahi kuongea naye hivyo tena, na sasa hayupo.

Siku hizi bado wanabishana kama saa zibadilishwe au ziachwe. Mimi nasoma tu. Mama amestaafu, amerudi Lushoto. Ana umeme ndani, ana simu ya picha, hapandi kilima chochote. Anakaa dirishani saa kumi jioni kunisubiri, nami nina kila kitu isipokuwa ile hofu ya kumkosa. Jumapili moja nilichelewa saa nzima. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Saa zenu zimebadilika, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa Januari, na Mama aliishi huku miaka mingi. Anajua vizuri kwamba Januari saa haziguswi.