Namba ya Simu ya Mama Limi

Jumatatu ile naikumbuka mpaka vumbi la pamba lililotanda mezani pangu, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo kwa sababu ofisi nzima mimi ndiye niliyejua kompyuta. Usicheke. Na wewe umeanza kuwa hivyohivyo.

Meneja alitangaza kwamba kuanzia mwezi huo hakuna tena foleni ya kupokea mshahara mkononi. Wote watalipwa kwa simu, mtu atake asitake. Kila mfanyakazi ajaze fomu, aandike namba, aweke sahihi kwamba amekubali. Fomu alizitaka siku hiyohiyo.

Nikaona nitachelewa. Nikafungua mafaili yenye namba za ndugu wa karibu, na kwa kila mama aliyeolewa nikaandika namba ya mumewe. Sikuona kosa. Kwetu Sapiwi hela ya pamba ilitoka kwa jina la baba mwenye nyumba, hata kama mama ndiye aliyepalilia na kuvuna, nami nilikua nikiona hivyo. Zamu ilipotoka nikasimama getini na kalamu: saini hapa, haya, anayefuata. Walisaini kwa kuniamini.

Mwisho wa mwezi Mama Limi akaja ofisini. Kazi yake ilikuwa kutoa takataka kwenye pamba, na binti yake Limi alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Zilibaki siku tano aripoti, na mshahara ule ndio uliokuwa ada. Sasa baba yake Limi, mtu mwema kabisa asiyegusa pombe, aliona hela imeingia kwenye simu yake, akaenda mnadani akanunua ndama.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama ninavyomwamkia mama yangu. Akaitikia, akaomba fomu yake, akaisoma taratibu.

"Hapa panasema nimekubali. Nilikubali lini?"

"Si ulisaini, mayu?"

"Nilisaini kwa sababu ulisema saini." Akafungua kona ya khanga yake, akatoa kitochi chake. "Simu ninayo. Kulipwa kwa simu ni amri ya kiwanda, sina ugomvi nayo. Ila simu ya nani, hilo lilikuwa langu. Mbona hukuniuliza, ng'wanone?"

Aliponiita mwanawe hivyo, kwa Kisukuma cha mama yangu mzazi, aibu ilinishika nikashindwa kumtazama. Nikaenda mwenyewe kwa meneja kusema nilichofanya. Alitaka kunifukuza palepale. Mama Limi, ambaye alikuwa na haki ya kufurahi, akanifuata hadi mlangoni akasema, "Amekuja kusema mwenyewe. Mwache azirudie fomu zote, aulize kila mtu."

Nikazirudia, mtu mmoja mmoja, zamu zote. Wapo waliochagua namba za waume zao vilevile, na hiyo ni haki yao. Ndama akarudi mnadani, akauzwa kwa hasara, pengo nikaliziba kwa mshahara wangu. Limi aliripoti siku ya mwisho kabisa.

Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii nimekula mkate wa huruma ya yule mama. Nilimshukuru akiwa hai, namshukuru hata sasa.

Kesho unaanza ofisini, na utapewa sera za lazima uwapelekee watu wasaini. Zipeleke. Lakini msomee asiyejua kusoma, mweleze aliyechoka, na pale penye uamuzi wake nyamaza umsubiri aamue, hata bosi akikuharakisha. Sahihi ya mtu ambaye hukumuuliza ni yako wewe, siyo yake.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe kazi ya kudumu, na siku utakayokosea akuletee mtu wa kukuuliza kwa upole kama nilivyoulizwa mimi.