Shikamoo ya Mkanda Mweusi

Karate ilizaliwa Okinawa, kule Japani, na nadhani walioianzisha hawakuwa na wakwe. Lukmani, muuza misumari wa Kibondo, anaye mmoja. Mzee Abbasi, baba wa mkewe Swaumu, anafanya mazoezi ukumbi ule ule wa karate anaofanyia Lukmani.

Siku ya mtihani wa mkanda mweusi, ambao Lukmani aliusubiri miaka sita, mtahini akampanga apigane na mzee huyo.

"Mwalimu, huyu ni baba mkwe wangu!"

"Humu hakuna mkwe. Usipompiga, unarudi na mkanda wako wa kahawia."

Mzee hakuwa na aibu hata kidogo. Akamtandika ngumi mbili za tumbo. "Vipi mwanangu, mkono wako unaweza misumari tu?"

Sasa, kwenye karate ukipiga lazima upige ukelele. Lukmani angemfokeaje mkwe? Akaruka, akapaza sauti: "Shikamoo, baba!"

"Marahaba," mzee akaitika kwa mazoea, akashusha mikono. Teke likatua mbavuni.

Ikawa hivyo mara nne. Shikamoo, marahaba, puu! Mtahini akamfunga Lukmani mkanda mweusi, akisema hajawahi kuona mpiganaji mwenye heshima kiasi hicho.

Wakarudi wote nyumbani, mzee akijishika ubavu. Swaumu akawapokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Umempiga baba yangu?"

"Nimemsalimia tu, mke wangu."

Mzee akajishusha kwenye kochi taratibu. "Ni kweli, binti yangu, kanisalimia. Mbavu bado zinaitikia."