Mapambo Yaliyorambwa

Asubuhi ya tamasha la shule, minyororo ya karatasi tuliyoibandika kwenye kuta za varanda ilikuwa imechanwa, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno. Walimu wangu walikwisha kumpata mkosaji: msichana aliyechelewa kwenda nyumbani jioni iliyotangulia. Walitaka aondolewe katika ngoma aliyopangiwa kuiongoza.

“Nani aliyemwona?” niliuliza.

“Ah, mwalimu mkuu, Mtopanga nzima yajua!”

Niliinama kutazama. Ukuta ulikuwa umerambwa, na chini palikuwa na mavi ya mbuzi. Gundi tulikuwa tumeipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukaitia chumvi ili isichache.

Nilimwomba msichana radhi mbele ya wenzake. Barua ya kumwondoa, niliyoiandika kabla ya kuuliza, ilikuwa bado mfukoni mwangu.