Picha ya Chiyeko Kwenye Kabati la Marehemu

Paka ana roho saba, lakini binamu yangu Chiyeko Nakasako alimshinda. Kwenye televisheni alinyongwa, akalishwa sumu, akatupwa baharini, na mara moja akafa kwa homa akiwa mke wa nahodha. Akija saluni kwangu hapa Gardena nilikuwa namtania: "Karibu marehemu! Leo tunakata nywele au tunaosha tu?" Anacheka mpaka machozi. Vifo vile alilipwa, havikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni kifo cha nyumbani kwao, na ndicho ninachotaka kusimulia.

Mama yake, Tomeno, ni shangazi yangu, dada wa baba. Alimzaa Chiyeko, tunayemwita Chiye, kambini jangwani, miaka ile ya vita serikali ya Marekani ilipotuzoa Wajapani wote wa pwani hii ikatuzungushia seng'enge. Baada ya kutoka akamzaa Isamu, kisha mume akafa. Shangazi akalea wawili hao kwa kukata maua kwenye mabanda ya watu. Fundisho lake lilikuwa moja: usisumbue watu. Ukikanyagwa, nyamaza. Ukipewa chai ya baridi, shukuru. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Chiye akakua hivyo hivyo, mrembo, mpole, hajui kusema hapana hata kwa mwizi.

Mwaka wa sitini na sita akapata nafasi yake ya kwanza ya kusema maneno, bibi harusi katika hadithi ya mabaharia. Mwanamke wa mavazi, Mzungu mwenye pini mdomoni, akamvika kimono, lile vazi letu la kupishanisha kifuani, na kukifunga upande wa kulia juu ya ule wa kushoto, kama Wazungu wafungavyo koti la kike. Kwetu anayefungwa hivyo ni maiti peke yake. Chiye akaona. Akasema polepole, "Samahani mama, wa kushoto ndio wa juu." Yule akamjibu, "Mpenzi, asubuhi tumeshapiga picha hivi hivi. Unataka warudie kazi yote kwa ajili yako?"

Basi. Alishaambiwa anasumbua watu. Akafunga mdomo wake akaenda kuolewa na baharia.

Siku mchezo ule ulipoonyeshwa, shangazi aliita mtaa mzima. Alikuwa amepika vifurushi vya wali wa siki, akasuka nywele upya, akawa anapokea pongezi mlangoni kama yeye ndiye bibi harusi. Chiye alikaa nyuma kabisa, karibu na jikoni. Bibi harusi alipotokea kwenye kioo, wazee wote wakaacha kula. Sisi vijana ndio tulioendelea kutafuna.

"Loo, dada!" Isamu akapasua kicheko. "Umekufa hata harusi haijaisha?"

Shangazi akainuka akazima televisheni. Akageuka kumtazama Chiye. "Uliona?"

"Niliona, mama."

"Na ukavaa?"

"Sikutaka kuwasumbua."

Shangazi akampa kisogo. Akaanza kukusanya sahani, nyingine bado zina chakula, na watu wakatafuta viatu vyao.

Isamu alikuwa ameshaitwa jeshini. Akaenda Vietnamu, na kabla ya Krismasi maofisa wawili wakaja wamevaa glavu nyeupe kutuambia ameuawa. Wenzangu, sijawahi kuona mtu akilia bila sauti kama shangazi siku ile. Tulipotoka kuzika, shangazi akafungua lile kabati jeusi la sebuleni tunamowekea picha za marehemu, wali na ubani. Akaweka picha ya Isamu akiwa na sare yake. Pembeni yake akaweka ya Chiye, ile waliyompiga studio akiwa na kimono kilichofungwa kinyume.

Mimi nikadhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Kila asubuhi vibakuli viwili vya wali vinaingia kabatini, kimoja cha Isamu, kimoja cha Chiye, na Chiye mwenyewe yuko pale mezani anakula mkate. Na msidhani shangazi alimtesa, hata. Alimpikia, alimfulia, alimuuliza habari za kazi. Ila mambo ya moyoni alikuwa anaiambia picha. Unamkuta amepiga magoti: "Chiye mwanangu, leo mgongo unaniuma." Chiye yuko jikoni anasikia yote.

Chiye akatafuta jina mpaka akalipata. Alipochoka kufa, wakampa udaktari katika mchezo mmoja uliodumu miaka mingi, watoto sokoni wakawa wanamkimbilia, "Daktari! Daktari!" Siku alipopewa kazi hiyo alikuja mbio kwa mama yake, nami nilikuwepo.

"Mama, huyu hafi! Wameniandikia, hafi."

"Vizuri," shangazi akasema, akaenda kumwambia yule wa kwenye picha.

Hapo Chiye akavunjika. Akamshika mama yake mkono, akaubana kwenye shavu lake. "Nishike! Mimi huyu hapa, mzima. Itoe ile picha, mama. Sijawahi kukuomba kitu."

"Najua u mzima. Unadhani nina wazimu?"

"Basi itoe!"

"Isamu alikuwa anaogopa giza," shangazi akasema. "Alikuwa halali bila wewe. Umesahau? Kifo kilikuja kwako, wewe ndiye uliyekivalia nguo, kikamchukua yeye. Nimtume kule peke yake?"

Nilitaka kumwambia shangazi maneno makali, na ninayo mengi. Nikamwangalia Chiye, nikaona ameinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaijua. Nikayameza.

Shangazi alikufa mzee sana, mikono yake imepinda kwa mikasi ya maua. Nyumba na kabati vikabaki kwa Chiye. Baada ya mazishi nikamwambia, "Sasa huna wa kumwogopa. Itoe." Akaitoa kwa mikono miwili, akaifuta vumbi, akaifungia kwenye droo. Tukanywa chai. Alikuwa anatabasamu, anashika shavu lake mara kwa mara, ananiuliza kama amezeeka. Nikamwambia umekuwa kikongwe, na tukacheka sana. Nilirudi kwangu nimefurahi, wallahi, nikijisemea hatimaye ameachiwa.

Asubuhi nikapita na samaki wa kuchoma. Nikamkuta Chiye amepiga magoti mbele ya kabati, hajabadilisha nguo za jana. Isamu yuko mahali pake, mama yake amewekwa juu yao. Na yule bibi harusi amerudi pembeni ya mdogo wake, bakuli la wali mbele yake linatoa moshi.

"Chiye! Nani kairudisha?"

"Mimi."

"Una nini wewe? Mama yako hayupo tena! Nani anakulazimisha?"

Akanigeukia. Macho yamevimba, lakini sauti ilikuwa ile ile ya upole, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Isamu alikuwa analia, Fumi. Usiku kucha alikuwa analia."

 Nikaweka samaki chini, nikapiga magoti kando yake, akanipa kijiti cha ubani nikamwashia Isamu.