Gunzi la Nyar Kabondo

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana haya yalinipata mimi mwenyewe pale Oyugis, mchana, nikiwa sijaonja pombe ya aina yoyote. Dada yangu Atieno ni shahidi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa fundi wa kisiagi cha posho, kinu cha injini cha kusagia mahindi, alichokiendesha Atieno. Kabla yake kiliendeshwa na mama mmoja aliyeitwa Nyar Kabondo. Siku ya soko mahindi yalikwama, akayasukuma kwa mkono, mawe yakamvuta. Hakupona. Mimi sikuwahi kumwona, ila Atieno alikwenda mazishini. Watu walisema ni uzembe wake. Uzembe gani? Mtu aliyechoka husahau. Nikatengeneza mfuniko wenye kamba: ukiuinua tu, kamba inavuta mkanda wa injini pembeni na mawe yanasimama yenyewe.

Alasiri moja, mvua imefukuza wateja na Atieno anamalizia kusaga gunia la mwisho, akaingia mama mgeni, mkono wa kulia kaufunika kwa leso. Alinisalimu kwa wa kushoto. Nikaona ni utovu wa adabu. Injini ilikuwa inanguruma, lakini niamini, sauti yake niliisikia vizuri kama tumekaa jikoni.

"Fundi, mtu akisahau, hii mashini itakumbuka?"

"Itakumbuka, mama," nikajigamba.

"Na hilo gunzi je?"

Nikageuka. Kumbe Atieno, kwa kuchoshwa na foleni ya asubuhi, alikuwa ameibana kamba kwa gunzi la mahindi isivute, ili mfuniko ukiwa wazi mawe yaendelee kusaga. Na sasa mkono wake ulikuwa ndani, anasukuma punje zilizokwama. Nilipiga kelele, injini ikaimeza sauti yangu.

Yule mama akalichomoa gunzi. Mawe yakasimama papo hapo. Atieno akatoa mkono, vidole vyote vizima, vyeupe kwa unga.

Hapo leso ikateleza. Chini yake hapakuwa na mkono. Atieno alimtazama usoni, akaketi juu ya gunia.

"Nyar Kabondo, si tulikuzika?"

"Mlinizika," akasema kwa upole. "Lakini nilikuwa na hofu juu yako, nyathina, mtoto wangu."

Akaniwekea gunzi kiganjani, akatoka kwenye mvua. Nililia, sioni haya kusema.

Atieno sasa ni nyanya, na bado anasonga ugali kwa mikono miwili. Kisiagi kina mwenyewe mwingine. Haniamini, lakini kila mara wafanyakazi wake wakiibana ile kamba, asubuhi gunzi analiokota mlangoni.

Basi wewe unayepeleka mahindi kusagwa, ukiona gunzi limechomekwa pasipo pake, lichomoe. Usimngoje yeye. Amechoka, na ana mkono mmoja tu.